Matundu Sita ya Mashine ya Miguu Minne

Harufu ya paini iliyorandwa asubuhi si sawa na ya paini iliyorandwa mchana. Ya asubuhi ina utomvu na ubaridi, inaingia puani polepole pamoja na ukungu unaoshuka kutoka Meru. Ya mchana imeshachanganyika na joto la mota na mpira wa mkanda, inakereketa koo. Najua tofauti hiyo kwa sababu nilipokuwa na miaka kumi chumba changu kilipakana na gereji ya nyumba yetu kule Elerai, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa tofali moja tu. Gereji ile haikuwa na gari karibu mwaka mzima. Ilikuwa na baba yangu, mbao zake, na mashine ya kuranda yenye rangi ya kijani iliyobabuka, aliyoinunua kuukuu kwa fundi mmoja wa Daraja Mbili aliyekuwa anastaafu. Mashine ikiwashwa, glasi ya maji iliyokuwa mezani kwangu ilitetemeka na kusogea taratibu hadi ukingoni. Nilijifunza kuinywa mapema.

Nyumba haikuwa yetu. Aliijenga Baba Mkubwa, kaka yake baba, aliyekuwa akifanya kazi Dodoma, akatuachia tuishi humo tusije tukahangaika na nyumba za kupanga. Kwa ukarimu wote huo alitoa sharti moja tu: sakafu ya gereji isiharibiwe. Alikuwa ameisimamia mwenyewe ilipomwagwa, ikapigwa niru ya saruji ikawa laini kiasi kwamba mimi na rafiki zangu tuliteleza juu yake kwa soksi. Kila Desemba, kama Wachaga wote waliotawanyika nchini, Baba Mkubwa alirudi Machame kwa Krismasi, na akipita Arusha alilala kwetu siku mbili. Gari lake lililala gerejini. Hivyo wiki moja kabla ya ujio wake karakana ya baba ilibomolewa yote: mbao zilipangwa uani chini ya turubai, zana zikaingia chini ya vitanda, mashine ikasukumwa hadi kibarazani, na sakafu ikasuguliwa kwa sabuni na kifuu cha nazi. Mama alikuwa akisema kwamba hajawahi kuona gari linaloandaliwa chumba vizuri namna ile.

Kwa sababu ya sharti hilo mashine haikufungwa chini. Ilisimama tu, na miguuni baba alikuwa ameilundikia mawe meusi ya kutoka mtoni ili itulie. Haikutulia. Ubao mwepesi ilikula bila fujo, lakini ikipewa mninga mnene ilianza kunguruma na kutembea, hatua ndogondogo kuelekea mlangoni, na baba aliifuata huku akiendelea kusukuma ubao. Mimi nilicheka sana nikiiona. Jioni alikuwa anairudisha mahali pake kwa mabega, anapanga tena mawe, na kesho yake safari inaanza upya.

Nakumbuka vizuri siku niliyoacha kucheka. Ilikuwa mwanzo wa mvua za vuli, mchana, na mimi nilikuwa kibarazani nakunja nguo. Nilisikia mngurumo ukibadilika, kisha kishindo cha jiwe kuanguka, kisha kimya. Mashine ilikuwa imeruka jiwe, ubao ukapinda, na kiganja cha kushoto cha baba kikapita karibu mno na visu. Vidole vilibaki vyote vitano. Ngozi ya chini ya dole gumba ilichubuka yote, na damu ilidondoka juu ya niru ya Baba Mkubwa. Mama, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi na hakuwa mtu wa kupiga kelele, alimfunga kwa kitambaa cheupe, akamsindikiza zahanati, akarudi naye, akampikia uji. Ndipo akasimama mlangoni mwa gereji akasema, "Baba Aika, mashine hii ama ifungwe chini au iondoke. Sitaki kusikia habari ya sakafu. Sakafu haina mkono."

Aika ni mimi.  Baba alijua kwamba mama amesema kweli, na alijua pia kwamba kaka yake anakuja baada ya wiki tano na atapiga magoti kuikagua sakafu yake kama anavyofanya kila mwaka. Bila mashine alikuwa hawezi kushindana na mafundi wengine; ingebidi arudi kuajiriwa kwenye karakana ya samani ya Kimandolu aliyoiacha kwa shida, mahali ambapo fundi aliomba ruhusa hata ya kwenda msibani. Nyumba ilikuwa ya kaka, mkono ulikuwa wake, na vyote viwili vilitegemea mashine moja isiyotaka kusimama mahali pamoja.

Aliyetuokoa, au tuseme aliyeanza kutuokoa, alikuwa Fundi Lomayani, Mwarusha mrefu mwembamba aliyekuwa akichomelea mageti na madirisha barabara ya juu yetu. Alikuja kumpa baba pole, akazunguka mashine mara mbili huku mikono ameifunga mgongoni, akasikiliza mpango wa baba wa kusimamisha bolti nne kwenye zege. Akatikisa kichwa.

"Sikia, Baba Aika. Ukipanda bolti hapa, zitabaki zimesimama hapa hata mashine ikiondoka. Gari la kaka yako litaingia, na tairi halina macho. Bolti inatakiwa itoke. Kinachobaki chini kiwe ni nati peke yake, na mdomo wake uwe sawasawa na sakafu."

Akachora kwa kidole kwenye vumbi la mbao. Vipande vinne vya bomba, kila kimoja kirefu kama kiganja, nati imechomelewa kitakoni, na mabawa mawili ya chuma ubavuni ili zege likikamata bomba lisizunguke wala kung'oka. Unafukia, unaacha mdomo wazi. Ukitaka kufanya kazi, unaweka mashine, unashusha bolti kupitia tundu la mguu, unakaza. Ukitaka gari liingie, unafungua, unaondoa mashine, unaziba matundu kwa vizibo vya mbao. Baba aliutazama mchoro ule wa vumbini mpaka upepo ulipoupeperusha, na nikaona mabega yake yameshuka. Alikuwa ameyabeba juu tangu siku ya ajali.

Shule zilikuwa zimefungwa na mkono wa baba ulikuwa bado na bandeji, kwa hiyo msaidizi nikawa mimi. Nilipewa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuchonga vipande vya sabuni ya mche vya kuziba midomo ya mabomba, ili sementi isiingie kwenye nati. Niliifanya vizuri hadi mama akauliza sabuni yake ya kufulia imekwenda wapi. Kazi ya pili ndiyo inayonifanya niandike habari hizi. Mashine ile haikuwa na miguu iliyolingana: miwili ya mbele ilikaa sawa, lakini ule wa nyuma wa kushoto uliingia ndani karibu shibiri moja, kupisha mota. Baba alichukua karatasi kubwa ya kalenda ya usharika ya mwaka uliopita, akaitandika kibarazani, tukaisimamisha mashine juu yake, naye akapitisha msumari kwenye matundu ya miguu na kuitoboa karatasi mahali panne. Hakuwa na haja ya kujua upande upi wa kalenda umetazama juu. Ulitazama juu ule wenye picha ya wanakwaya.

Tulipoingia gerejini ili tuweke alama, mteja akaita getini. Baba akanipa karatasi na chaki, akanionyesha mstari aliouchora sakafuni, akasema, "Iweke hapo, mbele ilingane na mstari, kisha weka alama kwenye kila tundu." Akatoka. Nikaitandika karatasi, nikawaona wanakwaya wale wananitazama, na mkono wangu ukafanya jambo ambalo mkono wa mtoto yeyote wa mwalimu ungefanya. Mimi nilikuwa nimejalidia madaftari tangu darasa la kwanza. Nyumbani kwetu kalenda iliyopitwa na mwaka haikutupwa. Ilijalidia daftari, na sheria ya mama ilikuwa moja: upande wenye maandishi ndani, upande safi nje. Daftari lililojalidiwa picha nje lilirudishwa, likafumuliwa, likajalidiwa upya mbele ya macho ya mwenye nalo. Basi nikaigeuza karatasi. Upande mweupe ukatazama juu, wanakwaya wakalala kifudifudi kwenye niru, na mimi nikaweka alama zangu nne kwa uangalifu mkubwa, nikaikunja karatasi vizuri nikaipeleka ndani kwenye kabati la madaftari. Nilijisikia mtoto mwenye adabu.

Baba na Fundi Lomayani walichimba kwa tindo na nyundo siku nzima. Sitasahau sauti ile: niru ya Baba Mkubwa ikipasuka kidogokidogo, na baba akikunja uso kila pigo kana kwamba anachimbwa yeye. Walishusha mabomba, wakayasimamisha wima, wakamimina zege, wakasawazisha juu kwa mwiko. Fundi Lomayani akasema tungoje siku saba na zege lisikauke ovyo. Mimi ndiye niliyelimwagilia, asubuhi na jioni, juu ya magunia yaliyolowa. Baba alikuwa akipita mlangoni, ananiona nimeinama na kopo, ananiambia, "Mama, usichoke." Kuitwa mama na baba yako ni sifa kubwa, nami nilimwaga maji mengi kuliko yaliyohitajika.

Siku ya nane walikuja majirani wawili wakasaidia kunyanyua. Mashine ikawekwa juu ya matundu. Bolti za mbele zikashuka zote mbili, zikashika nati, baba akacheka kwa sauti. Kisha akazunguka nyuma. Bolti ya kushoto ikagonga sakafu tupu. Ya kulia pia. Matundu ya nyuma yalikuwepo, ila lililopaswa kuingia ndani lilikuwa upande wa kulia, na la kulia lilikuwa upande wa kushoto. Majirani wakatazamana, wakaaga kwa upole. Fundi Lomayani akasema hili linatokea, mtu ana maumivu, mtu ana mawazo.  Baba alichukua futi akapima miguu, akapima sakafu, akapima tena miguu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kopo langu la maji, na wakati ule ule nilikumbuka wanakwaya. Nilijua. Nikaondoka kwenda kufua soksi ambazo hazikuwa chafu.

Siku nne zilizofuata ni ndefu kuliko miaka mingine niliyoishi. Baba hakugombana na mtu. Ingekuwa nafuu kama angegombana. Alikaa kwenye rundo la mbao, mkono wa bandeji juu ya goti, akiitazama mashine iliyofungwa miguu miwili. Nikiwa jikoni nilimsikia anamwambia mama, "Wiki ile mkono. Wiki hii macho. Mwalimu, nadhani nimekwisha. Fundi asiyeweza kupima miguu minne atapima kabati la mtu?" Mama akamwambia aache kujisema vibaya, lakini hata yeye sauti yake ilikuwa imelegea. Kesho yake nikasikia kwamba Jumamosi anakuja mtu wa kuitazama mashine ainunue, na kwamba baba ameshakwenda Kimandolu kuulizia nafasi yake ya zamani. Nilijiambia nitasema baada ya chakula. Baada ya chakula nikajiambia nitasema kesho. Sikuogopa fimbo, maana baba hakuwa mpigaji. Niliogopa ile "mama" isije ikaniondokea.

Jumamosi, kabla ya saa nne, nilimkuta baba anaifuta mashine kwa kitambaa chenye mafuta ili mnunuzi aione safi. Alikuwa anaifuta pale rangi ilipobabuka, polepole, na midomo yake ilikuwa inasogea kama anaiaga. Nikashindwa. Nilikimbilia kabatini nikaichukua kalenda, nikarudi nikamnyooshea, na kilio kikatangulia maneno.

"Baba, hukukosea. Niliigeuza. Nilitaka upande safi uwe juu."

Hakuelewa. Akaichukua, akaikunjua, akaitandika sakafuni, picha juu. Akaitazama, akatazama miguu ya mashine. Akaigeuza, upande mweupe juu, akatazama matundu ya sakafu. Akaigeuza tena. Nilikuwa nasubiri dunia iishe. Badala yake baba alikaa chini, pale pale kwenye maranda, akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia, "Kwa hiyo nilipima sawa?"

"Ulipima sawa, baba."

"Miguu yote minne?"

"Yote."

Basi akacheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa bandeji, akanivuta nikaangukia kifuani kwake, kwenye harufu ya paini na mafuta ya mashine, na akaendelea kucheka huku ananitikisa. Mama akaja mbio akidhani kuna ajali nyingine. Baba akamwelezea, akishindwa kumaliza sentensi. Mama akaiokota kalenda, akaitazama pande zote mbili kama anasahihisha mtihani, akaketi juu ya mbao na kusema, "Kumbe aliyekosea ni mimi." Mnunuzi alipofika alikaribishwa chai, akaelezwa kwamba mashine haiuzwi tena, akaondoka akiwa ameshiba maandazi. Mimi nililala mchana ule kama mgonjwa aliyepona homa. Sijawahi tena kupata usingizi mzito namna ile, ingawa nimeutafuta.

Fundi Lomayani alichomelea mabomba mawili mengine, na safari hii karatasi ililala picha juu, baba akisimama upande mmoja na mimi mwingine. Tukangoja siku saba zetu. Bolti nne zikashuka, zikakazwa, na baba akaingiza ubao wa mninga. Mashine ilinguruma ikatulia palepale ilipo. Nilikimbia chumbani kutazama glasi yangu. Maji yalikuwa yanatetemeka kidogo juu, lakini glasi haikusogea. Mama alisimama mlangoni mpaka ubao ulipotoka upande wa pili, kisha akarudi jikoni, na nikamsikia akiimba.

Baba Mkubwa alifika siku nne kabla ya Krismasi. Asubuhi ile baba alifungua bolti zote kwa spana kabla chai haijapoa, tukaivingirisha mashine nje juu ya vipande vya bomba, tukagonga vizibo vya mbao mpaka vikalingana na sakafu, nikasugua kwa kifuu. Gari likaingia. Nilimwamkia shikamoo, nikasimama pembeni. Baba Mkubwa alizunguka gari lake, akainama, kisha akapiga goti. Akapapasa kizibo kimoja kwa kidole. Akapapasa cha pili. Nikaona midomo yake inahesabu.

"Mdogo wangu, mashine yako ina miguu mingapi?"

"Minne, kaka."

"Haya matundu sita ni ya nini?"

Nilifumba macho. Baba hakunitazama hata kidogo. Alisema, "Mawili ni ya akiba, kaka," kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa la ufundi. Kisha akamnyooshea mkono wake wenye kovu jipya, akamweleza yote kuhusu ajali, mawe, na bolti zinazotoka. Baba Mkubwa alilitazama kovu kwa muda. Akasimama, akakung'uta goti, akasema, "Ungeniambia mapema. Sakafu ni saruji tu," na akaomba chakula. Tulikwenda Machame sote kwenye gari lile, na njia nzima nilikaa katikati ya baba na mama nikila ndizi.

Siku hizi nina gereji yangu, Kimandolu, na ninatengeneza makabati ya jikoni. Gari langu linalala humo. Asubuhi linatoka na zana zinaingia. Vishikizo vya chini vinauzwa madukani, vya kupanuka vyenyewe ndani ya zege, na drili inatoboa tundu kabla hujamaliza kusimulia habari. Hakuna tindo, hakuna magunia yaliyolowa, hakuna siku saba. Nafurahia urahisi huo na sitajifanya nalilia shida. Lakini kazi inapokamilika kabla ya saa sita, mwanangu hapati hata nafasi ya kukosea jambo kubwa, likamuumiza siku nne, akasamehewa. Hilo sijui nalipata duka gani.

Mwaka huu baba, ambaye sasa anaishi Machame na haoni vizuri, alinipa mashine ya kijani. Tuliileta, nikatandika karatasi, nikaandika JUU kwa herufi kubwa, nikatoboa matundu manne, nikafunga. Bolti zote nne zilishuka mara moja. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Akainuka, akaja na fimbo yake, akapapasa sakafu kwa ncha yake kuzunguka kila mguu.

"Na yale mawili ya akiba yako wapi?"

Nikacheka. "Safari hii sikuyahitaji, baba."

Akagonga sakafu taratibu, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Mimi niliyahitaji," akasema. "Washa mashine, mama."